Heligoland: kisiwa cha ndege kilichochora mipaka yetu

Vijana wenzangu, wengi wetu tuliopita shule za Tanzania, Kenya au Uganda tumelikariri neno Heligoland. Mkataba wa Heligoland, mwaka 1890, Mwingereza na Mjerumani. Unaandika mistari miwili kwenye karatasi ya mtihani, unapata maksi zako, unaendelea na Vita vya Maji Maji. Ni wachache waliowahi kumuuliza mwalimu: hiyo Heligoland yenyewe ni kitu gani? Ni mtu? Ni mji? Ni jina la meli?

Ni kisiwa. Kidogo mno, ukianza kutembea asubuhi utakuwa umekizunguka chote kabla chai haijapoa. Na duniani kuna watu wanaokijua kisiwa hiki bila kuwahi kusikia habari za mkataba. Hao ni watu wa ndege. Kwao Heligoland ni mahali ambapo binadamu walisimama juu ya mwamba, mwaka baada ya mwaka, wakiangalia ndege wanaosafiri, mpaka kazi hiyo ikawa elimu kamili.

Leo nataka tuiangalie historia hizo mbili kwa pamoja, ya ndege na ya mkataba. Halafu kuna ya tatu ambayo shuleni hatukuambiwa kabisa: wenyeji wa kisiwa hicho waliwahi kuwa watu waliofukuzwa kwao, nyumba zao zikavunjwa zote, na kurudi ikawa marufuku.

JIWE JEKUNDU BAHARINI

Heligoland iko Bahari ya Kaskazini, karibu kilomita 50 kutoka pwani ya Ujerumani. Kisiwa kikubwa kina ukubwa wa kama kilomita moja ya mraba tu, na pembeni yake kuna kisiwa kingine cha mchanga. Kile kikubwa ni mwamba mwekundu unaosimama wima kutoka majini, na juu yake ni tambarare ya majani yenye kimo cha mita 60 hivi. Upande wa kaskazini-magharibi mwamba unaishia kwenye ncha, na mbele ya ncha hiyo kuna nguzo ya jiwe imesimama peke yake baharini. Wenyeji ni Wafrisia. Wana lugha yao ndogo inayoitwa Halunder, ambayo ni tofauti na Kijerumani cha kawaida.

Ukisimama kwenye ile ncha mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, unaona vuli ya Ulaya ikianza. Tuelewane hapa: vuli yao si kama yetu ya mvua za Oktoba hadi Desemba. Kwao ni majira ambayo mchana unafupika, baridi inaingia, wadudu wanapungua. Ndege anayekula wadudu akibaki kule, atakufa njaa. Kwa hiyo anaondoka mapema, chakula kikiwa bado kipo, kwa sababu anahitaji kunenepa kabla ya safari. Kuna vindege vidogo ambavyo karibu vinaongeza uzito wao mara mbili kwa mafuta kabla ya kuvuka jangwa la Sahara. Hayo mafuta ndiyo petroli yao.

Wengi husafiri usiku. Jua likizama kule Norway, Sweden au Denmark, kama anga ni safi na upepo unasukuma kutoka nyuma, wanapaa kwa maelfu. Wanajiongoza kwa nyota na kwa sumaku ya dunia. Shida inaanza wakiwa katikati ya bahari, hali ya hewa ikabadilika, mawingu yakashuka na mvua ikaanza. Nyota hazionekani tena. Chini ni maji matupu. Mahali pekee penye mwanga ni mnara wa taa wa Heligoland.

Basi wanauendea ule mwanga. Wanauzunguka usiku kucha. Wengine wanagonga mnara wanaanguka. Kukipambazuka, kisiwa kizima kinakuwa kimejaa ndege waliochoka: wamo kwenye bustani za viazi, kwenye kuta, kwenye mianya ya mwamba, hata miguuni pa watu. Asubuhi ya jana yake hapakuwa na kitu. Jioni hali ya hewa ikitengemaa, wanaondoka tena na kisiwa kinabaki kimya.

MCHORAJI ALIYEKUJA AKABAKI

Mwaka 1837 alifika kisiwani kijana Mjerumani anaitwa Heinrich Gätke. Alikuja kuchora picha za bahari. Wakati huo Heligoland ilikuwa koloni la Uingereza, Waingereza waliichukua mwaka 1807. Gätke hakuondoka tena. Akawa karani wa gavana Mwingereza, na akaishi pale mpaka alipofariki mwaka 1897. Huyo ni mtu aliyekaa kwenye jiwe moja miaka 60.

Kilichomshika ni ndege. Alianza kuandika kila siku: ndege gani amepita, wangapi, upepo unatoka wapi, mawingu yakoje, usiku ulikuwaje. Na wenyeji wakawa macho yake. Wale wavuvi na wawindaji walikuwa wanawajua ndege kabla yeye hajazaliwa, maana waliwala. Walikuwa wanapanda matawi na vichaka kwenye tambarare isiyo na miti, ndege aliyechoka anaingia humo akidhani amepata msitu, kumbe nyuma kuna wavu. Hicho kilikuwa kitoweo cha vuli. Lakini wakimkamata ndege wasiyemjua, wanampelekea Gätke. Kwa njia hiyo aliandikisha karibu aina 400 za ndege kwenye kipande cha ardhi ambacho hakitoshi hata shamba la tajiri mmoja.

Mwaka 1891 alitoa kitabu kikubwa, na baada ya miaka minne kikatafsiriwa kwa Kiingereza. Si kila alichoandika kilikuwa sahihi. Aliamini ndege mdogo anaweza kuruka kutoka Misri hadi Heligoland kwa usiku mmoja, na hilo haliwezekani. Lakini ameacha jambo moja ambalo limewasumbua wataalamu kwa muda mrefu. Aliona kwamba kwa aina nyingi, vuli ikianza wanaotangulia kupita ni watoto, wale waliozaliwa miezi michache iliyopita. Wazazi wanafuata nyuma, wiki kadhaa baadaye.

Hebu fikiria. Mtoto hajawahi kutoka kwao. Anaondoka usiku, hana mzazi wa kumwongoza, anavuka bahari kwenda bara ambalo hajaliona. Nani kamwonyesha njia?

Jibu lilianza kupatikana miaka ya 1950, kwa mtafiti Mholanzi anaitwa Perdeck. Yeye na wenzake walikamata zaidi ya ndege 11,000 wa aina moja wakiwa safarini kupita Uholanzi, wakawafunga pete, wakawapakia kwenye eropleni na kwenda kuwaachia Uswisi, mbali sana na njia yao. Halafu wakasubiri taarifa. Wale wakubwa, ambao walishawahi kufanya safari hiyo, walijirekebisha: waligeuka wakaelekea kaskazini mwa Ufaransa na Uingereza, mahali walipopazoea. Wale wadogo hawakujirekebisha. Waliendelea na uelekeo ule ule waliozaliwa nao, kwa hiyo wakaishia kusini mwa Ufaransa na Hispania. Yaani mtoto alikuwa na uelekeo ndani yake, lakini alikuwa bado hajui mahali. Na waliobaki hai, miaka iliyofuata walirudi kwenye makazi yale mapya, wakayafanya yao.

Ndege si watu, na sipendi hadithi zile za kutufananisha na ndege kila mara ("ndege hawana mpaka" na kadhalika), maana ndege hajawahi kulala Mutukula akisubiri kibali. Lakini tuliozaliwa kambini, au tuliobebwa mgongoni tukiwa wadogo, tunajua tofauti kati ya mtu anayekumbuka mlango wa nyumba yake na mtu aliyeambiwa tu "kwetu ni upande ule". Mzee akisema nyumbani, anaona mti fulani na kisima fulani. Sisi tunaelekeza kidole.

KARATASI YA 1890

Sasa turudi kwenye mtihani wetu. Tarehe 1 Julai 1890, Gätke akiwa mzee, Uingereza na Ujerumani zilisaini mkataba. Wengi tumefundishwa kwa kifupi kwamba Mjerumani alitoa Zanzibar akapewa Heligoland. Hiyo si sawa. Zanzibar haikuwa mali ya Mjerumani, kwa hiyo hakuwa nayo ya kutoa. Ilikuwa na Sultani wake. Alichofanya Mjerumani ni kukubali kwamba Mwingereza aiweke Zanzibar chini ya ulinzi wake, na kuacha madai yake ya Witu kwenye pwani ya Kenya. Mwingereza akamwachia Heligoland, na akaahidi kumshawishi Sultani auze ule ukanda wa pwani ya Tanganyika. Sultani alilipwa mark milioni 4 za Kijerumani.

Lakini sehemu inayotuhusu zaidi ni ile ya mipaka. Mkataba ulisema mstari kati ya eneo la Mwingereza na la Mjerumani ukate Ziwa Victoria kwenye digrii 1 kusini mwa ikweta, uendelee magharibi mpaka kwenye Dola Huru ya Kongo ya mfalme wa Ubelgiji. Kila aliyevuka Mutukula, kati ya Tanzania na Uganda, amekanyaga mstari huo. Hauna mto wala mlima pale, ni kipimo tu kilichopigwa kwenye ramani.

Na kwa kuwa eneo la Mjerumani lilisogezwa mpaka Kongo, Rwanda na Burundi zikaingizwa ndani yake. Mwaka huo Rwanda ilikuwa na mwami wake, Kigeri Rwabugiri, na Burundi ilikuwa na mwami wake, Mwezi Gisabo. Hakuna Mjerumani aliyekuwa ametawala hata kijiji kimoja kule. Mjerumani Götzen alifika kwa Rwabugiri mwaka 1894, miaka minne baada ya karatasi kusainiwa. Falme zilishagawiwa, wenyewe hawana habari.

Na wenyeji wa Heligoland je? Nao hawakuulizwa. Walikuwa kama watu 2,000, wakalala raia wa Malkia wa Uingereza wakaamka raia wa Kaisari wa Ujerumani. Malkia Victoria mwenyewe hakupenda watu wale watolewe bila kuulizwa, lakini mkataba ulipita.

Hata hivyo kuna tofauti moja, na naomba tuitazame vizuri. Kwenye mkataba ule ule, wenyeji wa Heligoland walipewa ruhusa ya kuchagua: anayetaka kubaki na uraia wa Uingereza, aseme kabla ya tarehe 1 Januari 1892. Pia wao na watoto wao waliokwisha kuzaliwa wasilazimishwe kuingia jeshi la Ujerumani, na mila na sheria zao za zamani ziheshimiwe kadiri inavyowezekana. Kisiwa cha watu 2,000 kikaandikiwa kipengele chake cha haki. Mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki, kwenye karatasi hiyo hiyo, waliandikiwa digrii na mito tu. Hakuna aliyeandika kwamba mtu wa Kagera, wa Kigoma au wa Bujumbura ana siku ya kuchagua.

Kwa hiyo mtu akikuuliza kwa nini mkimbizi wa leo anajadili historia ya kisiwa cha Ulaya, mwambie kwamba suala la nani anaulizwa na nani haulizwi ni la zamani, na tunao ushahidi ulioandikwa.

PETE YENYE ANWANI

Baada ya Wajerumani kuichukua Heligoland, waliigeuza ngome ya jeshi la majini. Lakini kazi ya ndege iliendelea. Mwaka 1910 kilifunguliwa kituo rasmi cha kuchunguza ndege, chini ya Hugo Weigold. Yeye aliangalia vile vichaka vya kunasia vya wenyeji, akavitengeneza upya: wavu mkubwa kama mdomo wa bomba unaoendelea kuwa mwembamba, unafunika vichaka, na mwisho wake kuna sanduku. Ndege anaingia kutafuta wadudu, anasogea mbele, anaishia sandukuni bila kuumia. Mpaka leo vituo vya ndege vya nchi nyingi vinautumia, na unaitwa mtego wa Heligoland. Ujuzi wa mwindaji wa kitoweo ukawa chombo cha sayansi.

Ndege akishakamatwa anafungwa pete mguuni. Wazo hilo alilianzisha mwalimu wa shule wa Denmark, Mortensen, mwaka 1899. Ni pete nyepesi ya aluminiamu yenye namba na anwani. Kabla ya hapo, ushahidi wa safari za ndege ulikuwa wa kubahatisha. Mwaka 1822 kule Ujerumani ya kaskazini aliuawa korongo akiwa na mkuki umemchoma shingoni, mkuki wa mbao ya Afrika. Alipigwa Afrika, akaruka nao mpaka Ulaya. Bado amehifadhiwa kwenye chuo kikuu cha Rostock. Korongo yule alikuwa barua ya kwanza, lakini barua ya namna hiyo huwezi kuisubiri kila mwaka.

Pete ni kitu kingine. Mbayuwayu mmoja alifungwa pete Uingereza, mkoa wa Staffordshire, mwezi Mei 1911. Tarehe 23 Desemba 1912 akakamatwa kwenye nyumba ya shamba huko Natal, Afrika Kusini. Kwenye pete palikuwa na anwani ya London, na habari ikatumwa kwa barua. Kwa barua hiyo moja watu wa Uingereza wakajua mbayuwayu wao wanakokaa Desemba.

Hapa ndipo ninapowaza kuhusu namba zetu sisi. Wengi wetu tuna namba ya familia, tuna kadi ya mgao, vidole vyetu vimepigwa alama. Kuhesabiwa ni jambo jema, maana asiyehesabiwa hali. Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa mnalijua hilo kuliko sisi. Ila angalia pete ya ndege imeandikwaje. Ina namba, halafu ina anwani ya kurudishia habari. Namba peke yake haina maana. Inapata maana pale mtu wa mbali anapoandika: nimemwona, alikuwa hapa, siku fulani. Gätke na wenzake hawakuridhika na idadi. Walitaka kujua aliyepita ametoka wapi, anaelekea wapi, na kama amefika.

WENYEJI WANAONDOLEWA

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, wenyeji wote wa Heligoland waliamriwa kuondoka, wakapelekwa bara. Walirudi mwaka 1918. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Mara ya pili ilikuwa mbaya. Chini ya utawala wa Hitler kisiwa kilichimbwa mahandaki, kikajengewa mizinga na bandari ya nyambizi. Tarehe 18 Aprili 1945, vita vikiwa karibu kwisha, karibu ndege za kivita 1,000 za Uingereza zilikipiga mabomu. Raia wengi walinusurika kwa sababu walikuwa ndani ya mahandaki ya mwamba. Walipotoka, hapakuwa na mji. Wakahamishwa bara na kutawanywa kwenye miji na vijiji vingi vya kaskazini mwa Ujerumani, nchi ambayo yenyewe ilikuwa imejaa wakimbizi na njaa.

Miaka miwili kamili baadaye, tarehe 18 Aprili 1947, jeshi la majini la Uingereza lilikusanya risasi na mabomu yaliyobaki pale, kama tani 6,700, likayalipua kwa pamoja ili kumaliza ngome. Ulikuwa miongoni mwa milipuko mikubwa kabisa isiyo ya nyuklia kuwahi kufanywa na binadamu. Sehemu ya kusini ya mwamba ilibomoka, umbo la kisiwa likabadilika. Kisha wakakifanya uwanja wa mazoezi: ndege za jeshi zikija kukipiga mabomu wakati wenyewe wako hai, bara, wanasubiri.

Kituo cha ndege nacho kilifukuzwa pamoja na watu. Kilihamia mji wa Wilhelmshaven mwaka 1947. Lakini hakikubadilisha jina. Kiliendelea kujiita Kituo cha Ndege cha Heligoland wakati Heligoland ilikuwa mahali pa mabomu tu. Nadhani wasomaji wengi hapa wanaelewa kwa nini mtu anabaki na jina la kwao.

Na ndege? Waliendelea kupita. Kila Agosti, kila Septemba, walishuka kwenye mwamba uliobomoka kama kawaida. Ila hapakuwa na mtu wa kuandika.

KURUDI

Wenyeji hawakunyamaza. Waliandika barua na maombi, wakajuana nani yuko wapi, wakashikilia lugha yao. Desemba 1950 vijana wawili, wanafunzi wa chuo kikuu cha Heidelberg ambao hata hawakuwa wa Heligoland, walikodi mashua wakaenda kukaa kisiwani kwenye magofu, baridi kali, wakapandisha bendera. Wengine wakawafuata. Magazeti yakaandika. Shinikizo likaongezeka, na tarehe 1 Machi 1952 Uingereza ilikirudisha kisiwa. Mpaka leo siku hiyo huadhimishwa pale kila mwaka.

Tusidanganyane, hadithi hii haitufai kuinakili tu. Wale walikuwa na serikali mpya ya Ujerumani Magharibi nyuma yao, na Uingereza ilikuwa inaihitaji Ujerumani hiyo kama rafiki. Walikaa nje miaka saba. Wapo kwenye kambi zetu watu waliofika miaka ya 1990 na bado wapo. Pia kurudi kwenyewe hakukuwa sherehe tu. Walikuta mashimo ya mabomu na vyuma, kila nyumba ikajengwa upya, kazi ya miaka mingi. Kati ya vitu vichache vilivyobaki vimesimama ni mnara wa zege uliokuwa wa jeshi, wa kuongozea mizinga ya kutungulia ndege. Huo ndio ukafanywa mnara mpya wa taa. Upo mpaka leo. Usiku wa Septemba ndege wadogo wanaotoka Scandinavia wanaziona taa zake.

Kituo cha ndege kilifunguliwa tena kisiwani mwaka 1953. Daftari likaendelea.

MSAFIRI WA GRAMU 25

Ndege wengi wanaopita Heligoland huelekea Afrika Magharibi, hawaji kwetu. Ila kuna mmoja ambaye ametuunganisha. Ni ndege mdogo wa ardhini, mgongo wa kijivu, kiuno cheupe kinachoonekana akiruka, anapenda kusimama juu ya jiwe na kutikisa mkia. Ni mgeni wa kawaida pale Heligoland wakati wa safari, na watafiti wa kituo kile wamemchunguza kwa miaka mingi. Baadaye wakamfuata mpaka Alaska, kaskazini kabisa mwa Marekani. Wakawavisha wachache vifaa vidogo vya gramu moja na kitu, vinavyorekodi mwanga wa jua. Ukijua jua lilichomoza na kuzama saa ngapi, unaweza kukadiria ndege alikuwa wapi duniani.

Matokeo yalitoka mwaka 2012. Ndege wale wa Alaska walivuka Asia yote, kama kilomita 14,500, kwa karibu miezi mitatu, wakaja kukaa Afrika Mashariki. Ndege wa gramu 25, uzito wa vijiko viwili vya mezani vya sukari. Maeneo makavu ya kaskazini mwa Kenya, upande wa Turkana kwenye Kakuma na Kalobeyei, ni aina ya mahali anapopenda: ardhi wazi, mawe, wadudu. Huenda umeshapishana naye ukienda bombani kuchota maji.

Kenya nayo ina Heligoland yake. Kule Ngulia, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, kuna hoteli mlimani iliyofunguliwa mwaka 1969. Usiku wa Novemba na Desemba ukungu ukishuka, taa za hoteli zinawavuta ndege wanaosafiri kutoka Ulaya na Asia, kama ule mnara. Tangu mwaka huo wamefungwa pete mamia ya maelfu pale, na pete za Ngulia zimepatikana Mashariki ya Kati na Ulaya. Mtu wa huko alimwokota ndege, akasoma "Nairobi" kwenye pete, akatuma habari.

Nimalizie na jambo la vitendo. Kazi ya Gätke ilihitaji daftari, kalamu na subira. Kuanzia Septemba mbayuwayu wanaanza kufika kwetu, Oktoba na Novemba wanakuja korongo weupe na keremkerem wa Ulaya wanaopita juu kwa makundi wakiita. Kwenye makazi yetu, iwe Nakivale, Nyarugusu, Kakuma au Mahama, kijana mmoja anaweza kuandika: tarehe, saa, upepo, ndege gani, wangapi. Ukimaliza ukurasa wa ndege, geuza. Upande wa pili andika habari za wazee wa block yako: nani alitoka kijiji gani, walipita njia ipi, mwaka gani, walikuwa wangapi walipoondoka na wangapi walipofika. Namba zao ofisini zipo. Njia waliyopita bado iko vichwani mwao, na wao wanazidi kuzeeka.